Koma ya Saimi

Kwa miaka ishirini na tisa Saimi Piippo alipima barafu ya ziwa Sarvi. Kila tarehe kumi, kila ishirini, kila thelathini, tangu ziwa linapoganda mpaka linapoanza kulia na kupasuka. Hakuwa mtaalamu. Alikuwa mpishi wa shule. Kituo cha utafiti kilimpa keke ya kutobolea barafu, rula ndefu yenye ndoano, na madaftari ya mistari. Kila Krismasi kilimtumia kadi. Basi.

Mumewe, Armas, hakuwahi kufuatana naye. Yeye alikuwa mtu wa kiwanda cha mbao, na baridi alishaipata ya kumtosha. Alimwona tu akivaa viatu vyake vya sufu baada ya kahawa ya asubuhi, akifunga keke juu ya kigari cha kuteleza, akisukuma kwa mguu mmoja mpaka anageuka kidoa kwenye ule weupe. Baada ya saa mbili anarudi, mashavu mekundu.

"Inabeba?" Armas anauliza.

"Inabeba."

Maongezi yao yalikuwa hayo. Saimi anaweka daftari juu ya redio, na mwisho wa mwezi anatuma kadi ya vipimo kituoni kwa posta. Armas hakulifungua hata siku moja. Lilikuwa la mkewe.

Saimi alifariki Aprili iliyopita, baada ya kuugua miezi mitano. Armas aliyatoa madaftari juu ya redio, akayatia kwenye ndoo ya bati ya unga, akaisukuma ndoo chini ya benchi, kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna, kijumba chao cha kuogea kwa mvuke. Alijiambia hataki kuyaona. Sababu ya pili hakujiambia.

Jumatatu moja ya Machi, gari la kituo likasimama uani.

Alishuka mwanamke wa miaka arobaini hivi, kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi, kompyuta kwapani. Ni Kaisu Vornanen, mtafiti. Armas aliwahi kumwona mara moja, mazishini. Akamkaribisha jikoni, akamimina kahawa, akaweka mkate mtamu wa iliki.

"Wa dukani," akasema. "Utakula hivyo hivyo."

"Nitakula, mwenye nyumba."

Alikula kipande kimoja, akapangusa vidole, akafungua kompyuta. Armas alimtazama. Mtu akija na kompyuta nyumbani kwako, hajaja kunywa kahawa.

"Mashine ya zamani ya kituo imekufa," Kaisu akasema. "Hii ni mpya, yenye mfumo wa Linux. Nimeiwekea programu ya uchambuzi upya kwa mikono yangu. Imenitoa jasho wiki mbili. Mara inasema kuna kitu inakitegemea hakipo, mara sina ruhusa ya kuandika kwenye folda, mara toleo la huku haliongei na toleo la kule. Mwishowe ikakubali."

"Hongera."

"Sijaja kupongezwa, mzee Armas. Naomba madaftari ya Saimi."

"Ya nini? Kadi zote mnazo."

"Kadi zilichapwa na karani zikatupwa. Nina faili tu." Akageuza skrini. "Tuna maziwa kumi na mawili. Kumi na moja yana vifaa vinavyojipima vyenyewe. Namba zake zina vipande vya sentimita, kama namba yoyote ya kweli. Sasa tazama la Sarvi."

Armas akavaa miwani. Arobaini na mbili. Arobaini na tano. Hamsini na moja. Namba nzima, moja chini ya nyingine, ukurasa baada ya ukurasa.

"Sioni ubaya."

"Maagizo yalikuwa kutoboa mashimo matatu, kujumlisha, kugawa kwa tatu. Ukigawa kwa tatu, mara nyingi kinabaki kipande. Hapa hakijabaki hata mara moja. Miaka ishirini na tisa." Kaisu alishusha sauti. "Kule kituoni wameanza kusema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba alikuwa anaandika akiwa amekaa karibu na jiko."

Armas aliweka kikombe chini polepole.

"Na wewe, daktari? Wewe unasemaje?"

"Mimi nimeing'oa programu na kuiweka tena mara tatu, nikitumaini kosa ni lake. Hailalamiki. Haitoi onyo hata moja. Ijumaa orodha ya maziwa ya utafiti inafungwa. Nikikosa madaftari, Sarvi inaondolewa, na jina la mpimaji linaondoka nayo."

"Madaftari sijui yalipo."

Kaisu alitazama juu ya redio. Palikuwa na mraba mweupe, mahali ambapo rangi haijapigwa na jua.

"Nitapita tena Alhamisi," akasema. Akavaa kofia, akaenda.

Armas alikaa. Alimshuku kwanza yule mwanamke. Wiki mbili mashine inamkatalia, halafu ghafla inakubali, na siku inapokubali mkosaji ni marehemu. Watu wa kituo walitaka kifaa cha kujipima ziwani tangu zamani, Saimi ndiye aliyekuwa akiwachelewesha.

Kisha akamshuku Saimi. Saa mbili. Shimo la barafu halichukui dakika kumi. Alikuwa anafanya nini saa mbili? Ng'ambo ya ziwa anaishi Urpo, mtu asiyeoa, na moshi wa Urpo siku hizo ulikuwa hauchelewi kupanda.

Na kwa nini amwamini mkewe kabisa, wakati yeye mwenyewe anajua ilivyo rahisi? Hiyo ndiyo sababu ya pili, iliyolala kwenye ndoo ya unga. Mistari mitatu ya mwisho ya daftari la mwisho haikuandikwa na Saimi. Aliiandika Armas, Machi ya mwaka jana, Saimi akiwa kitandani hawezi kuinuka. Tarehe kumi, ishirini, thelathini. Hamsini, hamsini, hamsini. Hakutoboa shimo hata moja. Alisimama dirishani, akatazama ziwa, akaandika, akatuma kadi. Ikiwa yeye aliweza, nani asiweze?

Jumanne alikaa nayo moyoni. Jumatano akatoa kigari cha mkewe, akasukuma mpaka ng'ambo.

Urpo alikuwa nje anapasua kuni.

"Oho! Bwana Trela!" akaita. "Umebeba mzigo gani leo?"

Jina hilo lilikuwa na miaka arobaini. Kiwandani iliwahi kuja oda kutoka Uingereza, imeandikwa 3,600, meta za ujazo za mbao. Armas, mkuu wa upakiaji, akasoma kama anavyosoma Mfini yeyote: meta tatu na vipande mia sita. Mbao kwao hupimwa hivyo, tarakimu tatu baada ya koma. Akapakia trela moja, akafunga kamba vizuri, akaipeleka bandarini Kotka. Pale meli nzima ilikuwa inamsubiri. Mwingereza alitaka elfu tatu na mia sita. Koma yake ilikuwa ya kupumzisha macho tu. Saimi alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kila harusi, na kila mara alicheka kabla hajafika bandarini.

Armas hakucheka.

"Saimi alikuwa anakuja hapa?"

Urpo akaweka shoka chini. "Anakuja wapi?"

"Kwako. Siku za kupima."

"Ndiyo."

"Ndiyo?"

"Usinikazie macho, Armas. Alitoboa matatu. La kwanza mdomoni mwa mto, la pili katikati, la mwisho hapa mbele ya mwamba wangu. Vidole vikishaganda, penseli haishikiki. Anaingia, anapasha mikono, anapiga hesabu yake mezani, anakunywa nusu kikombe, anaondoka."

"Nusu tu?"

"Nusu ya pili alisema anaenda kunywa na wewe."

Armas alitazama mwamba. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Miaka thelathini unanipungia mkono kutoka ng'ambo kama mtu anayefukuza nzi."

"Ulimwona akitoboa? Kwa macho yako?"

"Kila mara. Siku moja ya nyuzi thelathini chini ya sifuri nilimwambia, mama, andika tu chochote, ziwa halitakushtaki. Alininunia mpaka Pasaka."

Armas aligeuza kigari. Njiani alijaribu kuamini, ikamshinda. Urpo alimpenda Saimi, kila mtu alimpenda. Mtu akimpenda marehemu, anaweza kumtetea kwa uongo. Shahidi pekee asiyempenda mtu alikuwa kwenye ndoo.

Hakwenda kuyatoa siku hiyo. Alihofu kwamba atafungua na kukuta namba nzima. Hapo angekuwa amempoteza tena, si Aprili tu.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kahawa, aliingia sauna. Ilikuwa baridi, harufu ya moshi wa zamani na ya sabuni. Akavuta ndoo, akapangusa unga, akafungua daftari la juu, katikati.

Mwandiko wa Saimi ulikuwa mdogo na umelala kulia, kama unapigwa na upepo. 42 43 42. Chini yake, umepigiwa mstari: 42,3. Mstari uliofuata: 45 46 46. 45,7.

Akafungua jingine. Na jingine. Vipande vilikuwepo kila mahali. Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na doa la kahawa lenye duara la chini ya kikombe, kikombe kisicho cha nyumba hii.

Alikaa kwenye benchi, daftari magotini. Kisha hasira ikaja, na ilimpasha joto vizuri.

Kaisu alipofika saa nne, alikuta madaftari ishirini na tisa mezani, na hakuna kahawa.

"Umemkata," Armas akasema.

"Nimemkata nani?"

"Umemkatia mkia kila namba. Hii hapa. Arobaini na mbili koma tatu. Mashine yako inasema arobaini na mbili. Vipande vimekwenda wapi, binti? Umevila?"

Kaisu alishika daftari. Alisoma ukurasa mzima amesimama, kofia kichwani. Akageuza, akasoma mwingine. Shingo yake ikawa nyekundu.

"Labda karani alivikata alipochapa," akasema.

"Karani naye amekufa?"

"Amestaafu."

"Basi hawezi kujibu. Mna bahati ya mashahidi nyie."

Kaisu akaweka daftari mezani. Akakaa, akafungua kompyuta, akatafuta faili lenyewe, lile alilochapa karani, ambalo mpaka siku hiyo alikuwa akilimiminia programu tu kama maziwa kwenye mashine ya siagi. Likafunguka. Akatafuta tarehe za ukurasa ule wa daftari: 42,3.

"Vipo," akasema taratibu. "Karani hana kosa. Vipo vyote."

"Kwa hiyo ni programu."

"Programu ni ile ile inayosoma maziwa kumi na moja bila shida." Akaichomekea mstari mmoja tu. Programu ikajibu: 42. Akajaribu wa pili. Arobaini na tano. Akasugua paji la uso. "Inaona. Inasoma. Kisha inaacha katikati. Na haisemi kitu."

Armas alisogeza kiti. Macho yake hayakumwamini mwanamke wala mashine. Alifuata kidole chake kwenye kibodi kama mtu anayemchunga mchuuzi anayepima nyama. Yale maandishi kwenye skrini hakuyaelewa. Si kwa sababu ya utaalamu. Hayakuwa Kifini.

"Hii inaongea lugha gani?"

"Kiingereza. Niliipanga hivyo yote. Hitilafu ikitokea, sentensi ya Kiingereza ukiitafuta mtandaoni unapata watu elfu wamelia kabla yako. Ya Kifini unajikuta peke yako."

"Na ile iliyokufa?"

"Ile ilikuwa ya mchanganyiko. Kila ziwa lilikuwa na amri yake ndogo, aliyeziandika hayupo, hakuna aliyejua zinafanya nini. Nilizitupa. Nilitaka mambo yawe safi."

Armas alitazama namba ya mkewe. Arobaini na mbili, koma, tatu. Alikuwa ameisoma mara ishirini asubuhi hiyo na Kaisu ameisoma mara ishirini, na wote wawili hawakuona kitu, kwa kuwa kwa jicho la Mfini hapakuwa na kitu cha kuona. Ilikuwa sahihi.

Kisha akamwona Mwingereza wa Kotka, amesimama gatini na makaratasi yake, anatazama trela moja.

"Mwingereza," akasema, "akitaka kukata vipande, anaweka nini?"

"Nukta."

"Na koma?"

Kaisu aliitazama koma. Akaondoa kofia, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hajui koma," akasema. "Anafika kwenye koma, anadhani namba imekwisha. Vifaa vya kujipima vinaandika kwa nukta, ndiyo maana vimepita. Ee Mungu wangu. Ningemtoa mtu kwenye orodha kwa ajili ya koma."

"Usianze kulia. Iambie isome Kifini."

"Naiambia." Akaandika maneno machache mbele ya amri, ya kuitaka isome namba Kifini kwa faili hili peke yake. Akabonyeza.

42.

Armas aliegemea nyuma. "Nilijua tu."

"Ngoja, mzee Armas."

"Nimengoja tangu Jumatatu."

"Ngoja kidogo." Akaiuliza mashine lugha zote ilizonazo. Orodha ikatoka, fupi. Akaisoma, akacheka kwa pua. "Kifini haina kabisa. Nilipoiweka nilichagua Kiingereza tu. Nimeiambia isome Kifini, na yenyewe, badala ya kusema hainacho, imerudia Kiingereza kimya kimya."

"Kama vijana wa Helsinki."

"Vile vile."

Akaongeza Kifini. Mashine ikafikiri kwa muda wa kunywa funda mbili, kama kungekuwa na kahawa. Armas akainuka, akawasha jiko, akaweka birika. Kaisu akarudia amri ile ile, neno kwa neno.

42,3.

45,7.

Zikashuka zote, mwaka baada ya mwaka, haraka kuliko macho. Kaisu alizisimamisha, akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho.

"Tazama mkia wa kila namba," akasema. "Sifuri, tatu, au saba. Hakuna mkia mwingine. Hakuna nne, hakuna sita. Ukigawa kwa tatu huwezi kupata mingine. Mtu anayebuni angeweka tano, angeweka mbili, asingekumbuka. Huyu alitoboa mashimo matatu kila siku aliyoandika."

Armas alimimina kahawa. Nyingine ikaenda kwenye kisahani.

"Sarvi inabaki," Kaisu akasema. "Na jina lake. Nitawaeleza mwenyewe kule, na nitaeleza kosa ni la nani." Akashuka mpaka mwisho wa safu. "Hapa tu... Machi ya mwaka jana. Mara tatu. Hamsini, hamsini, hamsini. Inawezekana. Sifuri nayo ni mkia halali." Alisema bila kumtazama.

Armas alishika kikombe kwa mikono miwili. Angeweza kunyamaza. Mashine ilishakubali, orodha ilishapona.

Tarehe kumi ya Machi ile Saimi alimwuliza kutoka kitandani: umepima? Nimepima. Matatu? Matatu. Ngapi? Hamsini. Koma? Hamsini kamili. Mara ya tatu hakuuliza tena koma. Alimtazama muda mrefu, akasema, "Ziwa limekuwa tulivu sana mwaka huu, Armas." Akamshika mkono. Siku kumi na mbili baadaye akaondoka.

"Hizo si zake," Armas akasema. "Ni zangu. Nilipimia dirishani."

Kaisu aligeuka.

"Zifute."

"Ni tatu tu, mzee Armas. Katika mamia. Hakuna atakayejua."

"Yeye alijua."

Kaisu hakubishana tena. Akazifuta moja moja. Kwenye mchoro, mstari wa barafu ya Sarvi ukaja umepanda na kushuka miaka ishirini na tisa, kisha ukakatika kidogo kabla ya mwisho.

"Panapokosekana kipimo lazima niandike sababu," akasema. "Niandike nini?"

Armas alifikiri. Nje, jua la Machi lilikuwa juu ya ziwa, na theluji inang'aa mpaka inaumiza.

"Andika haikupimwa. Kulikuwa na mgonjwa nyumbani."

Kaisu akaandika. Kwa Kifini.